Mizani ya Baba

Ndugu msomaji, juzi tulipanda daladala kutoka Ilemela hadi Mwanza mjini. Niliwapeleka wajukuu kuona hekalu la Wahindu. Tulivua viatu mlangoni. Mzee mmoja akatukaribisha vizuri.

Mjukuu akaninong'oneza, "Bibi, hawa ndio waliompunja baba yako?"

Niliona haya. Ni mimi niliyemsimulia. Kabla ya Uhuru, mnunuzi mmoja wa Kihindi alimpunja baba kwenye mizani ya pamba. Baba hakujua kusoma namba.

Nikamjibu, "Aliyempunja ni mtu mmoja tu."

Wakulima waliunda vyama vya ushirika, wakapima pamba yao wenyewe. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana.

Ndugu msomaji, jifunze kusoma mizani. Lakini usimpime mtu kwa kosa la mwingine.