Chai na shashi: Funzo la upepo huko Kiptere

Ukitoka mjini Kericho kwa barabara ya Kisumu, shuka Kapsoit upande matatu ya kwenda Sondu. Utapita Sigowet, utaona wachumaji wakiwa na vikapu mgongoni, kisha utafika Kiptere. Ingia hotelini uagize chai ya maziwa na chapati. Huenda ukawekewa pia karatasi za shashi za kupangusia mikono.

Usidhani vitu hivyo viwili havihusiani, ndugu msomaji. Vyote vilianza vikiwa vimejaa maji, na ubora wa kila kimoja ulitegemea namna maji hayo yalivyoondolewa.

Tuanze na chai. Sehemu kubwa ya uzito wa jani bichi, robo tatu hivi au zaidi, ni maji. Kiwandani majani hayakamuliwi kama nguo. Hutandazwa juu ya wavu, feni zikapuliza hewa kutoka chini kwa saa nyingi hadi yanyauke. Kisha husagwa na kuachwa yageuke rangi ya shaba. Mwishowe hupitishwa juu ya bamba lenye matundu, ambapo hewa moto huyarusharusha mpaka ubaki unyevu wa asilimia 3 hivi.

Shashi nayo huanza kama uji wa nyuzi za miti au za karatasi kuukuu. Zaidi ya asilimia 99 ya uji huo ni maji. Humwagwa juu ya wavu unaokwenda kasi, maji yakachujika. Kwa njia ya kawaida, karatasi hiyo mbichi hukamuliwa, hubandikwa kwenye pipa kubwa la chuma lenye mvuke ndani, halafu hubanduliwa kwa kisu kirefu kinachoitia vikunjo vidogo. Njia hii ni nafuu, lakini kukamua hulaza nyuzi zikabanana.

Mwaka 1967, kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilipata hataza ya njia nyingine, inayofanana na ya chai. Karatasi mbichi huwekwa juu ya kitambaa maalumu cha nyuzi za plastiki, kilichofumwa kikawa na vilima na mabonde kama mkeka. Hufyonzwa ikaingia mabondeni, kisha hewa moto hupenya katikati yake na kuikausha ikiwa katika umbo hilo. Vinundu unavyovigusa ni alama za kitambaa hicho. Karatasi hutoka nene, laini, tena hunywa maji mengi.

Lakini laini hiyo ina gharama. Maji yasiyokamuliwa hufukuzwa kwa moto, na moto hutaka kuni, mafuta au umeme. Wenyeji wa Kericho walijua hilo zamani: mikaratusi mingi unayoiona kandokando ya chai hupandwa ili ilishe boila za viwanda.

Basi ukiwa dukani, jiulize kama kweli unahitaji shashi nene kuliko zote kwa kufuta meza tu. Kitambaa kinachofulika chatosha. Hapa Kenya viwanda kama Chandaria Industries cha Nairobi hutengeneza shashi kutokana na karatasi kuukuu. Kwa hiyo madaftari ya watoto yaliyojaa na magazeti ya jana yawekeni pakavu, mbali na maganda ya ndizi, mumpe mwokotaji. Daftari laweza kurudi nyumbani likiwa shashi. Shashi iliyokwisha kutumika hairudi tena.