Kuvuka Mto Rhine na Bima ya Afya

Baina ya Strasbourg, Ufaransa, na Kehl, Ujerumani, upo Mto Rhine. Tangu mwaka 2017 tramu huuvuka. Mfaransa mwenye bima ya umma, kabla ya safari, huomba kadi ya bima ya Ulaya, itolewayo bure. Akiugua ghafula Kehl, hutibiwa kwa masharti yale yale ya wenyeji. Aishiye Kehl na kufanya kazi Strasbourg hukatwa mchango Ufaransa, kisha huandikisha fomu S1 kwenye mfuko wa bima wa Ujerumani, ili naye na jamaa wanaomtegemea watibiwe nyumbani. Lakini kadi hailipii gharama za kumrudisha mgonjwa kwao. Mto huvukwa kwa nauli. Maradhi yataka karatasi zilizotengenezwa mapema.