Baba Watoto na Daftari la Kimombo

Tuambizane ukweli, mpenzi msomaji. Ni mara ngapi umekaa kikaoni na wazo zuri kabisa kichwani, ukalimeza kwa sababu Kiingereza chake kimekukwama kooni? Dakika tano baadaye mwenzako anayetema ung'eng'e anasema kitu kile kile, bosi anafurahi, na wewe unabaki kuchorachora pembeni mwa daftari. Kama hayajawahi kukukuta, hongera zako. Kwetu sisi jambo hili lilikuwa linalala nasi kitanda kimoja.

Mume wangu ni mhandisi wa umeme na kazi yake anaijua. Alisoma kama wengi wetu: miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza biolojia, jiografia na hesabu vyote vikageuka Kiingereza kwa mpigo. Maneno ya kiufundi anayo tele. Yaliyokuwa yanampa taabu ni yale ya katikati: ya kumpinga mtu kwa heshima, ya kushawishi, ya kusema jambo hili bado halina uhakika. Na hayo ndiyo yanayompandisha mtu cheo.

Miaka miwili iliyopita nafasi ya umeneja ilitangazwa ofisini kwao, na usaili ungekuwa wa Kiingereza. Akasema haombi. "Mama watoto, nikaaibike bure?" Jamani, iliniuma. Huyu ni mtu ambaye nyumbani akianza kuzungumza hata watoto wanaacha televisheni.

Maneno ya suti na maneno ya kanga

Akaamua kujifunza, na alianza kama wanavyoanza wengi: maneno kumi magumu kila siku kutoka kwenye kamusi. Mwezi haukuisha nikapokea ujumbe kwenye simu kwamba ata-"commence" safari ya kurudi nyumbani saa kumi na mbili. Nilicheka mpaka machozi, lakini kazi yangu ni uhariri na ugonjwa huo naufahamu. Makala zinazofika mezani kwangu zikiwa zimejaa "utilize" na "plethora" mara nyingi ni za mtu anayeogopa kuonekana hajasoma.

Kiingereza kina matabaka. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wakazungumza Kifaransa huku wakulima wakibaki na Kiingereza chao. Ndiyo maana leo jambo moja lina maneno mawili: "begin" na "commence", "ask" na "inquire". Moja limevaa suti, jingine limejifunga kanga.

Nikamwambia, baba watoto, mbona hata sisi tunayo? Tuna "kuuliza" na tuna "kusaili". Hebu rudi jioni uniambie, "Mke wangu, naomba nikusaili, kuna chakula?" Alicheka, na akaelewa. Kujua neno ni pamoja na kujua mahali pa kulivaa.

Maneno nayo yana ndoa

Jambo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Sisi tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki na tunapiga kura, na hakuna anayeumia. Ukienda na "piga" yako kwenye Kimombo umepotea. Huko simu una-"make", picha una-"take", kura una-"cast". Mvua ikiwa kubwa ni "heavy", chai ikikolea majani ni "strong", na ukizibadilishana hizo mbili msikilizaji atakuelewa lakini atatabasamu. Hata "kuazima" yetu inayotosha kutoa na kupokea, kwao imegawanyika: anayetoa ana-"lend", anayepokea ana-"borrow".

Kwa hiyo daftari likabadilika. Hakuandika tena "decision" peke yake, aliandika "reach a decision" na sentensi nzima aliyoikuta nayo. Kwa yale mambo ya vikao aliandika vipande vizima vya kupinga kwa adabu, kama "I see your point, but". Kisha tunavisoma kwa sauti mpaka mdomo uvizoee.

Na tuliacha kukimbia. Mtafiti Paul Nation wa New Zealand alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya na magazeti ya Kiingereza bila msaada kunahitaji familia 8,000 hadi 9,000 za maneno, yaani neno pamoja na ndugu zake wote. Kwa kukariri utazeeka. Ila mwenzake Averil Coxhead aliwahi kuchambua maandishi ya kitaaluma, na mwaka 2000 akatoa orodha ya familia 570 tu ambazo huchukua karibu asilimia 10 ya maandishi hayo. Matatu kwa siku, miezi sita na ushee umemaliza. Mengine yatakuja yenyewe ukisoma kitu unachokipenda. Yeye alisoma habari za mpira.

Mwalimu asimzidi mke

Hapa ndipo penye hatari, wapenzi. Rafiki yangu mmoja alimsahihisha mumewe mbele ya mashemeji, neno moja tu, kwenye sherehe. Watu wakacheka. Tangu siku hiyo yule baba wakienda kwa watu anakaa kimya kama mgeni, na mkewe anauliza kwa nini mume wake amebadilika.

Sisi tukajiwekea masharti. Masomo ni Jumanne na Alhamisi, nusu saa, watoto wakishalala. Nje ya hapo simsahihishi mpaka aniombe, na mbele ya watu kamwe. Tukigombana, tunagombana kwa Kiswahili, kwa sababu si haki kumshinda mwenzako kwa silaha ambayo yeye hana.

Aliomba ile nafasi. Akaenda kwenye usaili, na nafasi wakampa mtu mwingine. Sitakuficha, wiki ile nyumba ilikuwa nzito. Lakini miezi michache baadaye alirudi jioni, akavua viatu, akaniambia kwamba kikaoni walitaka kununua jenereta isiyofaa, naye akasimama akapinga kwa Kiingereza, akaeleza sababu tatu, na wakamsikiliza. Hakutumia hata neno moja la suti.

Wewe na mwenzako je? Kaeni leo mchague nusu saa yenu, mnunue daftari moja la bei rahisi, na mkubaliane kabisa ni nani atasahihishwa wapi. Mkishajaribu kwa mwezi mmoja, tuandikieni mtuambie mmefikia wapi.