Milango Mitatu ya Soko Moja

Mtu aingiaye sokoni huuliza bei, na baada ya bei huuliza kipimo. Ni nadra kuuliza juu ya mlango alioingilia. Zamani hili halikuwa kosa, kwa kuwa soko lenye milango mitatu lilikuwa na bidhaa zile zile, mizani ile ile na mwanga ule ule kwa kila aliyeingia. Siku hizi yako masoko ambayo mlango hubadili vyote hivyo, nami nilijifunza jambo hili kwa hasara ya mtu nimpendaye.

Nakaa katika mji wa Singida, si mbali na ziwa Singidani, nami ni mwalimu wa hesabu. Jioni moja alinijia mpwa wangu kutoka Mkalama, mkulima wa vitunguu. Tulipokwisha kuamkiana alitoa simu yake, akasema: "Mjomba, wenzangu wananunua Bitcoin. Jukwaa ni moja, lakini huingiwa kwa simu, kwa tovuti, na kwa programu ya kompyuta. Wewe ni mtu wa hesabu. Niambie ipi iliyo bora." Alikuwa na shilingi 800,000, mapato ya msimu mzima, na sehemu ya fedha hiyo ilikuwa ya bati la nyumba ya mama yake, yaani dada yangu.

Nilimwomba anipe wiki tatu. Nakiri kuwa ombi lake lilinifurahisha. Mwalimu akiulizwa swali lenye vipengele vitatu huona kama ameletewa karamu.

Kwanza nilitazama sheria. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliutangazia umma kuwa sarafu za namna hii si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Mwanza, aliitaka benki hiyo ijiandae kwa mabadiliko hayo. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika uhamishaji wa mali za kidijitali. Nilielewa kwamba kitu kisichokubaliwa kuwa fedha kimekubaliwa kuwa mali ya kutozwa kodi, na kwamba aingiaye huko sharti aingie kwa macho yake mwenyewe.

Baadaye nilichukua shilingi 300,000 za mshahara wangu, nikazigawa mafungu matatu yaliyo sawa, fungu moja kwa kila mlango.

Mlango wa simu ulikuwa mwepesi kuliko yote. Alama ya kidole ilitosha kuwa ufunguo. Mbele yangu palikuwa na bei moja, kwa tarakimu kubwa, na chini yake kitufe kimoja cha kununua. Nilibonyeza, nikanunua. Bei ilikuwa imetulia jioni ile, basi papo hapo nikauza nilichonunua ili nione safari ya kwenda na kurudi imenigharimu nini. Katika shilingi 100,000 zilirudi 95,000 na ushei. Hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba nimetozwa 5,000. Ada ilikuwa imefichwa ndani ya bei yenyewe: nilinunua kwa bei iliyopandishwa kidogo, nikauza kwa bei iliyoshushwa kidogo. Ukurasa wenye bei za kweli ulikuwamo katika simu ile ile, walakini ulikuwa nyuma ya vitufe vingine, na herufi zake zilikuwa ndogo mno kwa kioo kile.

Mlango wa tovuti niliufungua kwa kompyuta, ndani ya kivinjari. Hapo niliona nisichokiona kwanza: orodha ya wauzaji upande mmoja na ya wanunuzi upande wa pili, kila mmoja na bei yake na kiasi chake. Ningeweza kutaja bei yangu mwenyewe na kungoja. Ada iliandikwa wazi, nayo ilikuwa sehemu moja katika elfu. Nilinunua na kuuza, zikarudi 99,700. Tovuti nayo ina hila zake. Haihitaji kusimikwa, hivyo hufunguka katika kompyuta yoyote, hata ya dukani, na mtu akisahau kuifunga humwachia mgeni nyumba wazi. Tena waongo hutengeneza anwani inayofanana na ya kweli, ikipungua herufi moja tu, na mwenye haraka huwapelekea nywila kwa mkono wake.

Mlango wa tatu, programu iliyosimikwa katika kompyuta, ulionyesha mengi kupita yote. Michoro minne ilikaa kwa pamoja, na hesabu za saa na za siku zilionekana bila kufungua ukurasa mwingine. Gharama zake zilikuwa sawa na za tovuti. Hata hivyo nilipata maradhi mengine. Kuona sana kulinifanya nidhani najua sana. Kwa siku tatu nilinunua na kuuza mara kumi na nne, na fungu lililoingia 100,000 likabaki 92,000. Ada ilikula kidogo tu. Sehemu kubwa ililiwa na kiburi changu.

Nilianza kuandika taarifa, yenye jedwali, faida na hasara. Nikiwa katika kazi hiyo nilikumbuka habari ya Sekenke, kule Iramba, ambako Wajerumani walichimba dhahabu. Mwaka 1916, wakati wa vita, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora, ikapigwa sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Septemba ya mwaka ule ule jeshi la Wabelgiji liliiteka Tabora. Utawala ulioipiga sarafu ile ukaondoka, lakini sarafu haikupungua uzito, na aliyekuwa nayo aliweza kuiweka katika mizani yoyote, mbele ya sonara yeyote. Bitcoin, iliyoanza Januari 2009 na ambayo idadi yake imewekewa mpaka wa milioni 21, haina uzito wa kupimwa kwa mkono. Mtu wa kawaida huiona kwa dirisha tu. Basi mwenye kuamua ukubwa wa dirisha ameamua pia mnunuzi aone nini na asione nini.

Hapo nilitambua kuwa mambo haya si mageni kwetu. Mkulima wa vitunguu anaijua lumbesa. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha hushonewa nyongeza juu hata likawa kama limevaa kilemba. Sheria ya vipimo inaikataza, na viongozi wamekwisha kuikemea mara nyingi, lakini mnunuzi afikapo shambani na lori, mkulima hana mizani wala hana bei ya soko jingine. Huambiwa bei ya gunia moja, na gunia si moja. Kitufe kile cha simu kilikuwa lumbesa. Kilitaja bei, kikaficha kipimo. Na ni nani aingiaye kwa simu? Ni yule asiye na kompyuta wala meza ya kuiweka. Mwenye uwezo wa milango mitatu huchagua ulio nafuu. Mwenye mlango mmoja hulipa ushuru mkubwa kuliko wote, tena haambiwi kuwa ni ushuru.

Jambo hili nililijua katika wiki ya kwanza. Ningeweza kumpigia mpwa wangu simu usiku ule ule, nikamwambia maneno machache: usibonyeze kitufe kile. Sikumpigia. Nilitaka taarifa ikamilike, nilitaka jedwali lipendeze, nilitaka anisikilize kwa mpango. Naye, kwa kuwa ni kijana na wenzake walikuwa wakimcheka, hakungoja.

Alikuja mwishoni mwa wiki ya tatu, akaketi bila kunitazama. Alikuwa ameziingiza zote 800,000 kwa kitufe kile. Usiku wa nne simu ililia arifa: bei inashuka. Aliamka, akatazama tarakimu nyekundu gizani, akauza zote kwa kidole gumba kabla hajafumbua macho sawasawa. Zilibaki 669,000. Nilikaa naye tukapiga hesabu. Katika shilingi 131,000 zilizopotea, kiasi cha 94,000 zilikwenda kwa kushuka kwa bei, na hiyo ni hatari ya biashara ambayo mtu mzima huikubali. Lakini 37,000 zilikwenda kwa kitufe, mara mbili, kuingia na kutoka. Zile 37,000 nilikuwa nazijua mimi.

Nilimwonyesha taarifa yangu. Aliisoma yote kwa adabu, kisha akauliza: "Mjomba, hili la kitufe uliliona lini?" Nikamwambia siku niliyoliona. Hakusema neno. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ni msiba wa kawaida. Kuuziwa huku mjomba wako amekwisha kuchungulia ndani ya gunia, akanyamaza, ni msiba wa namna nyingine.

Msomaji, ukiniuliza leo ni toleo lipi lililo bora, nitajibu kwa kifupi. Tovuti inatosha kwa mtu mwenye subira ahakikishaye anwani. Programu ya kompyuta yamfaa mwenye kazi hiyo, si mwenye udadisi. Simu yafaa kutazamia, haifai kuamulia, na arifa zake zizimwe kabla ya kulala. Lakini maarifa haya hayana thamani yakikaa katika daftari la mtu mwenye meza. Elimu iliyochelewa kwa ajili ya urembo ni sawa na dawa iliyofungiwa kabatini hata mgonjwa akazikwa.

Bati la dada yangu lilinunuliwa. Nusu alitoa mwanawe, na nusu nilitoa mimi, wala sikuiita msaada; niliiita deni. Mpwa wangu hajarudi katika jukwaa lile. Katika fedha iliyosalia alinunua mizani ya kuning'iniza, akaifunga kwenye tawi la mti kando ya shamba lake. Vitunguu vilipokomaa tena nilikwenda kumsaidia. Mnunuzi wa kwanza alipoiona mizani alicheka, kisha akakasirika, akawasha lori akaondoka. Wa pili alisimama kitambo akiitazama, akashuka, akaanza kupima.