Jibu Lisilo Sahihi Nalo Lifundishe

Haya, leo tuzungumzie maswali ya mazoezi. Kama una mtoto nyumbani anayejisomea historia kwenye intaneti, mtazame anapokosea. Mara nyingi ataonyeshwa alama nyekundu na herufi sahihi, basi. Swali linalofuata!

Siku hizi jioni namwandikia mdogo wangu, anayejiandaa kwa KCSE, kijiprogramu cha maswali kuhusu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kukiandika si kazi kubwa. Kazi iko kwenye majibu yasiyo sahihi.

Chukua hili: kwa nini Uingereza iliitangazia Ujerumani vita tarehe 4 Agosti 1914? Wengi watabofya kuuawa kwa Franz Ferdinand. Si jibu la kipuuzi. Aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni, na mwezi mmoja baadaye Austria-Hungaria ikaitangazia Serbia vita. Lakini Uingereza ilikuwa bado nje. Iliingia Ujerumani ilipoivamia Ubelgiji, nchi ambayo mkataba wa London wa 1839 uliitaka isiegemee upande wowote. Mwingine atachagua kuzamishwa kwa meli ya Lusitania. Hiyo ilizama Mei 1915, miezi tisa baadaye.

Kwa hiyo kila jibu nimeliwekea maelezo yake kwenye hifadhidata. Mdogo wangu analalamika kwamba programu yangu inaongea sana. Na iongee tu! Kwenye karatasi ya historia ya KCSE hakuna herufi za kubofya. Ataulizwa sababu, na itabidi azieleze mwenyewe.