Fedha ya Shosho

Kitu cha kwanza nilichonunua Birmingham ambacho hakikuwa chakula, koti wala nauli kilikuwa kijisanduku cha fedha kinachoenea kiganjani na nafasi ikabaki. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nimetoka zamu ya usiku, na badala ya kwenda kulala nikapitia soko la vitu vya kale. Mzee mmoja alikuwa ametandaza mali yake juu ya kitambaa cheusi: vijiko, vikombe, visanduku vya ugoro. Nikaokota kile kidogo kuliko vyote. Akaniambia nikifungue. Ndani kulikuwa na wavu wa rangi ya dhahabu uliotobolewa maua, na chini ya wavu hakukuwa na kitu.

"Nusa," akaniambia.

Nikanusa. Hakikunuka chochote, lakini nilikuwa nimeshanaswa.

Kinaitwa vinegreti. Miaka ya mwanzo ya 1800, miji ya Uingereza ilinuka: mavi ya farasi, moshi wa makaa, mito iliyogeuzwa mitaro. Mwenye pesa zake alitembea na kijisanduku kama hiki. Chini ya wavu aliweka kipande cha sponji kilicholoweshwa siki yenye manukato, na akifika penye uvundo anafungua, ananusa, anasonga. Kama umewahi kupita Gikomba karibu na mto baada ya mvua, huhitaji maelezo zaidi. Ile dhahabu ya ndani si maringo. Siki hula fedha, kwa hivyo fundi aliipaka dhahabu kuikinga.

Nililipa pauni 70. Wiki hiyo nilikuwa nimemuahidi Mum nitatuma kitu nyumbani, nikamwambia zamu zilipunguzwa. Mum, kama unasoma hii, pole.

Mzee alinipa kioo cha kukuza akanifundisha kusoma mihuri. Kwa fedha ya Kiingereza ya wakati ule utakuta alama kadhaa zimepangwa kwa safu, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele. Simba anayetembea na mguu mmoja juu: hii ni fedha halali, sehemu 925 kati ya 1000. Herufi moja: mwaka ilipopimwa. Kichwa cha mfalme au malkia: kodi imelipwa, alama iliyotumika kuanzia 1784 hadi 1890. Herufi za mwanzo za jina: fundi. Na alama ya mji. Ya London ni kichwa cha chui. Ya Birmingham ni nanga, na hapo nilicheka, kwa sababu Birmingham haina bahari. Bahari iko mbali kabisa.

Nanga ina hadithi yake. Kabla ya 1773, mafundi wa Birmingham walilazimika kupeleka kazi zao Chester zikapimwe na kupigwa muhuri, barabara za wakati huo unazijua, na nyingine zilirudi zimekwaruzwa. Matthew Boulton, mwenye kiwanda, akashinikiza Bunge mpaka mji wake ukapewa ofisi yake ya kupima, pamoja na Sheffield. Inasemekana watu wa miji hiyo miwili walikuwa wakikutana katika baa moja London iliyoitwa Crown and Anchor, wakarusha sarafu: Sheffield ikapata taji, Birmingham ikapata nanga.

Nilichopenda zaidi ni wazo lenyewe. Hakuna muuzaji duniani atakayekuambia kitu chake ni feki. Basi mtu wa tatu, asiye na faida katika mauzo, anakikwangua kidogo, anakipima, anamwacha simba pale. Miaka karibu 200 baadaye msichana wa Umoja, amechoka, hamjui yeyote, anaweza kuinua kioo na kujua hajadanganywa.

Nilirudi Nairobi na visanduku saba. Viwili vya ugoro. Kimoja chenye Windsor Castle juu ya kifuniko, aina iliyompa sifa fundi Nathaniel Mills miaka ya 1830 na 1840, ingawa changu si cha Mills, huyo bei yake ningeuza figo. Kimoja chenye kikwaruzio ndani, cha kungumanga, ili tajiri asikose kiungo cha kinywaji chake popote aendapo. Siku moja nilivipanga kitandani nikagundua kitu: ugoro, kungumanga, na kijiko changu cha kuchotea majani ya chai. Fedha ni ya Birmingham, lakini hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichoota Birmingham. Vyote vilitoka shamba la mtu mwingine, vikalimwa na mikono ya mtu mwingine. Na hata hiyo fedha, kuna mtu alikuwa anaing'arisha.

Hapo ndipo Shosho anaingia.

Shosho alifanya kazi miaka sita katika nyumba ya wazungu kule Tigoni, katikati ya majani chai, kuanzia 1957. Alifua, akalea watoto wawili, na kila Ijumaa aling'arisha vyombo. Mwaka wa 1963, miezi michache kabla ya Uhuru, familia ile ikafunga virago. Siku ya mwisho memsahib alimwita sebuleni, akampa kisanduku cha sigara, akamwambia kwa kile Kiswahili chao cha kisetla: "Hii fedha. Wewe weka mzuri. Iko siku itasaidia." Malipo ya kumuaga yalikuwa hayo.

Kwetu, kisanduku kile kilikuwa kama mtu wa familia. Kilikaa juu ya kabati, chini ya kitambaa cha kufuma, na kila Ijumaa Shosho alikisugua kwa majivu na ndimu. Ndani aliweka kitambulisho, vifungo, kadi za kanisa, na karatasi yenye PIN ya M-Pesa ambayo sote tulimwambia asiiandike popote.

Mwaka juzi macho yake yakaziba. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Kwa grupu la WhatsApp la familia harambee ikaanza, na kama kawaida, wengi wakatuma alama ya maombi na wachache wakatuma pesa. Ndipo Anko akaandika: "Si tuko na ile fedha ya mzungu? Nimeona YouTube zinauzwa laki kadhaa. Na tuko na expert kwa familia." Wote wakanitag.

Nilikuwa nimekiona kile kisanduku maisha yangu yote, na tangu nirudi sikuwahi kukigeuza. Nadhani nilikuwa naogopa. Nilienda Jumapili, nikaketi karibu na dirisha, nikatoa kioo changu.

Hakukuwa na simba. Hakukuwa na nanga wala kichwa cha malkia. Kulikuwa na ngao nne ndogo nzuri, zimepangwa kwa safu kama mihuri ya kweli, na ndani ya kila ngao herufi moja: E, P, N, S. Maana yake ni kwamba chombo ni nikeli, shaba na zinki, kisha kimepakwa fedha kwa umeme. Na ufundi huo nao ni wa Birmingham. Ni kampuni ya Elkington ya mji uleule iliyochukua hataza yake mwaka 1840. Mji mmoja ulikupa simba wa kukulinda, kisha ukakupa rangi ya kukudanganya kama humtafuti simba.

Kwenye kona, ile fedha ilikuwa imekwisha. Rangi ya manjano iliyofifia ilikuwa inachungulia. Miaka sitini ya majivu na ndimu. Kadiri alivyokitunza ndivyo kilivyopungua.

Shosho alikuwa ameketi kitandani, uso ameelekeza kwenye mwanga. Kikuyu changu ni cha kuombea chai tu, kwa hivyo huwa tunaongea Kiswahili. Nilianza kwa kuzunguka: kwamba soko limeshuka, kwamba vitu hivi hutegemea mnunuzi. Akanikata.

"Hakuna simba, sindio?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimemwambia habari za simba siku niliyorudi.

"Mimi nilijua kitambo," akasema. "Babako alipoitwa fomu one, 1974, nilikipeleka kwa sonara mmoja Biashara Street. Akakwangua hapa chini, akaweka tindikali. Akaniambia, mama, hii ni rangi. Akasema atanipa shilingi kumi kwa sababu nimetoka mbali."

"Ukafanya nini?"

"Nikarudi nacho nyumbani. Nikauza ng'ombe."

"Na hukuambia mtu?"

"Ningewaambia nini? Kwamba miaka sita yangu ni rangi?"

Tulikaa kimya. Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Halafu akaanza kucheka, kile kicheko chake cha puani.

"Lakini kilisaidia. Hata huyo memsahib hakujua vile kingesaidia. Mwenye duka alikuwa ananipa unga na sukari kwa deni, kwa sababu ako na fedha kwa nyumba, hawezi kuhama usiku. Kwa chama nilikuwa wa kwanza kukopeshwa. Mwalimu mkuu alikubali karo kidogo kidogo. Hakuna mtu aliniuliza niuze. Walitaka tu kujua iko."

Nilitoa vinegreti mfukoni nikamwekea kiganjani. Nikamshika kidole nikakipitisha juu ya mihuri, ingawa kidole hakiwezi kuisoma. Nikamwambia simba yuko hapo.

"Ni mdogo sana," akasema. "Wa kwetu alikuwa anakula ng'ombe." Akanirudishia.

Kwa grupu niliandika ukweli, ila si wote: kwamba bei ya kisanduku haiwezi kulipia hata jicho moja. Anko akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia nina uhakika. Kisha nikatuma picha za visanduku vyangu kwa mzee wa Birmingham, akanunua vinne kwa bei ya chini ya ile niliyolipa. Hilo kila mkusanyaji hulijua, ila huwa hasemi: ukinunua, kitu ni adimu, na ukiuza, soko limejaa. Vitatu vilibaki. Vinegreti ya kwanza sikuitoa, na sitajifanya kwamba haikuniuma kuvitoa vile vingine.

Shosho alifanyiwa jicho la kulia mwezi wa tatu, la kushoto mwezi wa sita. Siku kitambaa cha pili kilipotolewa tulimrudisha nyumbani, akasimama mlangoni akatazama kila kitu kama mgeni: vumbi juu ya redio, mikunjo kwenye mikono yake, kitambi cha Anko, ambacho alikitaja kwa sauti. Kisha akaomba kisanduku chake.

Alikigeuza pale dirishani muda mrefu. Akagusa kona za manjano moja baada ya nyingine.

"Kumbe kimezeeka hivi," akasema. "Na mimi nilikuwa nafikiri nakitunza."

Akaniangalia, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akiniona vizuri, akaniambia sasa naweza kuwaambia watu, hata nikitaka niandike. Wote waliomkopesha aliwalipa, na wengi wao wameshazikwa.

Kisha akaniambia nimletee majivu na ndimu, leo ni Ijumaa.

Nilitaka kumwambia kwamba akizidi kukisugua kitaisha kabisa, kwamba wakusanyaji wa Uingereza wangepiga mayowe. Nikaenda jikoni nikatafuta ndimu.