Molasi Si ya Ng'ombe Pekee, Lakini Ile ya Mtungi Iache

Wadau, leo naanza kwa kuomba msamaha. Wiki mbili zilizopita niliposti video nikisema kijiko kimoja cha molasi kwa siku kinaongeza damu. Video ilitembea kweli. Ikatembea mpaka nyumbani kwetu.

Dadangu ana mimba ya miezi sita, na kliniki walimwambia damu yake iko chini. Jumamosi nilimpata jikoni akikoroga uji, kando yake ule mtungi wa njano wa zizini. Vidonge vya kliniki alikuwa ameacha kumeza, ati vinamletea kichefuchefu. "Si ni wewe ulisema?" akaniuliza. Sikuwa na jibu.

Hapa Ndabibi nani hajui molasi? Kiangazi kikibana, tunakatakata mabua ya mahindi, tunakoroga molasi na maji, tunanyunyizia, na ng'ombe anakula kitu alichokidharau jana. Hicho ni chakula cha mifugo. Kinauzwa kutoka kwa mapipa, unapimiwa kwa mtungi uliobeba sijui nini mwezi uliopita, na hakuna aliyekitayarisha akimfikiria mama mjamzito.

Sikudanganya kila kitu. Juisi ya miwa ikichemshwa na sukari kutolewa, kinachobaki ndio molasi. Ikichemshwa tena na tena inakuwa nyeusi, chungu kidogo, na madini yanabaki humo: chuma, kalsiamu, magnesiamu, potasiamu. Ng'ambo wanauziwa ya watu kwa chupa, wanaitia kwenye biskuti za tangawizi na maharagwe. Lakini karibu nusu yake bado ni sukari, na kijiko kimoja hakichukui nafasi ya vidonge vya chuma. Hiyo sehemu sikuisema kwa sababu video ilikuwa ya sekunde 30.

Kama ni ile ladha unataka, nunua sukari nguru, kama ile ya kutoka Kakamega. Yenyewe haijatenganishwa na molasi yake. Mimi huikwangua kwenye uji wa wimbi wenye ndimu. Kwa maharagwe pia, na tangawizi. Jaribu kabla hujanicheka.

Dadangu amerudia vidonge, sasa anavimeza baada ya kula. Managu na terere anakula, na chai ameisongeza mbali na chakula maana inazuia chuma kuingia mwilini. Video nimeifuta. Mama naye bado anauliza nani alipunguza molasi ya ng'ombe wake.